Kamba wa Mita Mia

Machano hakuwa na saa. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na picha yake hata moja, wala ufunguo wa mlango wowote. Hakuwa na mke, ingawa aliwahi kuwa na harusi: ubwabwa ulipikwa ukapoa, na bibi arusi akarudishwa kwao hina ikiwa bado mbichi mkononi, kwa sababu jina la bwana arusi lilitafutwa na halikupatikana. Hakuwa na umri. Waliomtazama asubuhi walimwita kijana, waliomtazama alasiri walimpa shikamoo, naye aliitikia yote mawili. Hakuwa na zamu katika foleni yoyote. Hakuwa na adui, na hilo lilimuuma kuliko watu wanavyoweza kudhani, maana mtu hawi adui yako mpaka kwanza akuone. Hakuwa na jina la kuandikwa. Alikuwa na la kuitwa tu, na waliolijua walikuwa wakipungua.

Na hakuwa na kaburi. Utasema, nani aliye hai ana kaburi? Lakini wenzake wote walikuwa na ahadi ya kaburi, na mtu huishi kwa ahadi hiyo bila kujua, kama anavyolala kwa kujua kwamba mlango umefungwa.

Katika nchi ile, ambayo yenyewe haikuwa na jina kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka nje yake akahitaji kuitaja, kulikuwa na Kitabu cha Vilivyomo. Kila kilichokuwamo nchini kiliandikwa humo: watu, mbuzi, visima, ndege wa matopeni, kaa, kasa, na samaki wanaopanda mto maji yakijaa. Kilichoandikwa kilikuwamo. Kisichoandikwa kilianza kufifia. Korongo alipofutwa, watu waliomwona amesimama kwa mguu mmoja ukingoni walisema ule ni mti mkavu. Walisema hivyo kwa muda mrefu hata korongo mwenyewe akaonekana kukubali. Akawa anasimama kutwa bila kugeuza shingo, na mtoto mmoja akamfungia kamba ya kuanikia nguo.

Siku ya hesabu kuu Machano alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake, Mwanatumu, alikuwa amekwenda naye kisimani. Wahesabu walipiga hodi, jirani akachungulia dirishani kwa Mwanatumu, akajibu. Jibu lake litakuja mahali pake. Dada yake Machano, Mize, alikuwa amelala ndani, akaandikwa. Basi katika nyumba moja, kwenye mkeka mmoja, dada alikuwamo na ndugu yake hakuwamo. Mwanatumu naye akafutwa, kwa kosa la kumtoa mtoto nje wakati wa hesabu. Alipokufa, msoma talkini alipiga magoti kando ya udongo mbichi ili amwite marehemu kwa jina lake na jina la mama yake, kama anavyoitwa kila aendaye. Akafungua kinywa. Akakifunga. Sheria ilimruhusu kuita majina yaliyomo tu. Wakasimama wote kimya, upepo ukipindua kanzu zao, mpaka mtu mmoja akakohoa, wakaondoka.

Kimya kile Machano alikibeba. Hakikuwa kizito. Kilikuwa kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu cha mtu ambaye haruhusiwi kuketi.

Ajabu ni kwamba mtu huyu asiyemo aliajiriwa na Idara ya Vilivyomo yenyewe, kuhesabu viumbe wa mlango wa mto. Kazi hiyo haikuwa na mwingine aliyeitaka. Ilikuwa kazi ya matope hadi mapajani, harufu ya yai bovu, na mikoko inayokukwaruza kama watu wa ukoo wanaogombea urithi. Walifikiri pia kwamba wanyama hawatamkimbia mtu ambaye hayumo. Katika hilo hawakukosea sana. Kaa waliendelea kula alipopita.

Mwenzake kazini alikuwa Faki Usi, mtu mnene, mchangamfu, mwenye cheo kikubwa kuliko chake. Faki alikuwa Mlinzi wa Kamba. Na hapa lazima nieleze habari ya kamba, maana bila hiyo mengine hayatasimama.

Mtafiti wa kwanza kabisa, ambaye mifupa yake sasa ni ya kupigia chokaa, aliandika orodha ya vifaa vyake: ndoo, koleo, fremu ya mraba, kamba ya mita mia. Karatasi ya vifaa ikapeperuka ikaingia kati ya karatasi za viumbe. Karani aliyenakili alikuwa mtu mwenye kuijua sarufi na mwenye kujivunia kuijua. Ndoo na koleo alivipitisha bila neno, akidhani ni aina za chaza. Lakini alipofika kwenye kamba, katikati ya kaa na pweza, alitikisa kichwa kwa huruma. Hawa watu wa matopeni! Hata hawajui kwamba kamba ni mnyama. Akafuta "ya", akaandika "wa". Kamba wa mita mia. Muhuri ukapigwa.

Tangu siku hiyo nchi ilikuwa na kamba wa mita mia. Mashua zilikatazwa kupita anapolala. Wanafunzi walimchora, na waliomchora mfupi walichapwa. Na kila utafiti ulipofanywa, ilikuwa wajibu wa Mlinzi wa Kamba kuthibitisha kwamba bado yumo.

"Umemwona leo?" Machano humuuliza Faki kila wanaposhuka matopeni.

"Nimesikia masharubu yake."

"Masharubu yanasikika?"

"Ya kamba wako wewe wa kukaanga hayasikiki. Huyu mwenzangu mkubwa."

Na wote wawili hawacheki. Faki alikuwa amesema jambo hilo mara nyingi mno kiasi kwamba kicheko chake kilikuwa kimetoka ndani ya maneno, kama maji yanavyotoka ndani ya dafu lililoachwa juani.

Siku moja Machano aliitwa na Mkuu wa Idara, Bwana Badawi. Jengo la Idara lilisimama peke yake katikati ya tambarare ya chumvi. Wakati wa bamvua maji ya bahari yaliingia mle bila hodi, yakapita ukumbini, na makarani wakainua miguu yao juu ya droo zilizo wazi wakaendelea kuandika. Hakuna aliyeyataja maji hayo. Hayakuwa kwenye orodha ya wageni.

"Kaa, Machano," alisema Bwana Badawi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto. "Inua miguu. Ehe. Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mlango wa mto unafungwa. Ukuta, kutoka ukingo huu hadi ule."

"Kwa nini, Bwana Mkuu?"

"Swali zuri sana. Liko kwenye faili jingine." Akafungua Kitabu, akalowesha kidole kwa maji yaliyokuwa yakipita chini ya meza. "Sheria inasema ukuta haujengwi juu ya kilichomo. Tumepita mstari kwa mstari. Kasa tumemtoa. Chewa tumemtoa. Ndege tumewatoa, hao walikuwa wepesi. Amebaki nguva."

"Na kamba?"

Bwana Badawi akatazama dari. "Kamba ana muhuri. Kamba atahamishwa, kuna kamati. Tuzungumze nguva. Nguva huyu, mnyama mkubwa kama ndama, anayekula majani ya chini ya bahari, anayenyonyesha kama mama yako na mama yangu. Umewahi kumwona?"

"La."

"Katika kazi yako yote?"

"Sijamwona, Bwana Mkuu. Huo ndio ukweli."

"Nakupendea hapo. Basi, fomu ina visanduku viwili. Yumo. Hayumo. Nenda na mwenzako, mwagieni macho majani yote maji yakipwa, kisha tia alama. Ukitia kwenye hayumo, mstari wa nguva utabaki wazi." Akakigeuza Kitabu kielekee kwa Machano, taratibu, kama mtu anayegeuza sahani ili mgeni afikie mnofu. "Na Kitabu hakipendi mstari mtupu. Machano nani wewe? Mwana wa nani?"

"Machano mwana wa Mwanatumu."

"Machano mwana wa Mwanatumu," alirudia Bwana Badawi, akipima kwa kidole kwenye mstari. "Linaenea. Nililikisia tangu jana. Linaenea bila kubana."

Hakuna aliyewahi kulisema jina lile ndani ya jengo lile. Machano aliliona likielea hewani juu ya maji, kama kitu chenye uzito, na akahisi miguu yake ikipoa.

"Na nikirudi sijamwona," alisema mwishowe, "siwezi kusema tu kwamba hayupo?"

Bwana Badawi alicheka kwa upole. "Usiniletee hayupo. Hayupo ni neno la mlangoni. Mgeni akiambiwa mwenyewe hayupo, hutandikiwa mkeka akangoja. Serikali haina mkeka, Machano."

Alitembea kurudi kwa dada yake juu ya chumvi iliyokuwa ikivunjika chini ya nyayo kama kauri, na maneno yalitembea naye. Hayupo. Hayuko. Hayumo. Watu wa lugha yake waliyatumia yote matatu kutwa bila kuyafikiri, kama mtu anavyotumia vidole. Hayupo: si hapa, pale uliponyoosha mkono, kwa sasa, ngoja. Hayuko: ameondoka, hatujui upande gani, huenda hata yeye hajui. Hayumo: umefungua mlango, umeinua kitanda, umemulika kona, na hamna kitu. Nani anaweza kusema hayumo juu ya bahari? Nani ameinua kitanda cha bahari? Ili useme hayumo sharti wewe uwe umo, umeenea kila mahali palipo na giza mle ndani, na anayeenea kila mahali ni mmoja tu, naye hajazi fomu.

*Mimi simo.*

*Yeye hayumo.*

*Wewe humo. Humo! Kitu kiko wapi? Kiko humo, ndani. Na wewe? Wewe humo, uko nje. Sauti ileile humweka mtu ndani na humtoa. Mdomo haubadiliki. Mlango mmoja, wa kuingilia na wa kutupiwa nje. Basi anayesema humo, anajua anasema lipi?*

Mize alikuwa akiishi Mdomoni, kijiji cha mwisho kabla ya maji. Alimkuta uani akibanja chaza kwa jiwe, magamba yakiruka kila upande. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno manene.

Machano akamweleza yote: ukuta, visanduku, mstari. Mize alibanja mpaka akamaliza.

"Jina lote? Na la mama?"

"Na la mama."

"Basi unangoja nini? Au unataka nikushikie kalamu?"

"Ukuta ukijengwa, dada, Mdomoni hapatakuwa na maji. Mtahamishwa."

"Ati unanifikiria mimi! Nimehama tumboni mwa mama, nitashindwa kuhama Mdomoni?" Akafuta mikono kwenye kanga. Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nilikuwapo siku ile makaburini, Machano. Nilimwona yule msoma talkini alivyofunga kinywa. Sitaki kukiona tena kinywa kile. Nikifa mimi wataniita. Ukifa wewe, nani? Huyo nguva atakusomea talkini?"

"Sijui kama hayumo. Hilo tu. Sikumwona, lakini sijui kama hayumo."

"Wewe mwenyewe humo!" Mize aliangua kicheko kibaya. "Humo, na wali wangu unaula kila siku, tena unaomba ukoko!"

Akacheka mpaka akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyelifuata neno lile lilikokwenda. Mize aliinama akaokota magamba moja moja, ingawa kwa kawaida aliyafagia.

Siku ya utafiti maji yalikupwa mbali kuliko ilivyo ada. Jua halikuwapo. Tope liling'aa kama ngozi ya samaki aliyekufa jana. Na majani ya bahari, ambayo siku zote huwa yamesimama majini yakipunga, yalikuwa yamelala chini yote upande mmoja, kama nywele za maiti aliyeoshwa. Faki aliibeba kamba begani. Waliinyoosha juu ya majani, kipimo chote, kutoka ukingo wa mikoko hadi palipobaki maji. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unatembea kando ya kamba kwenda, unatembea upande wa pili kurudi, unaandika unachokiona. Kisha unaihamisha kamba hatua kadhaa, unaanza upya. Hivyo ndivyo binadamu alivyogundua jinsi ya kuiuliza bahari: kwa kuikata vipande vyembamba na kukiuliza kila kimoja peke yake, kana kwamba kipande kinajua habari za chote.

"Usimkanyage," alisema Faki.

"Nani?"

Faki alionyesha kamba kwa kidevu. Machano akamtazama usoni kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha, wala haukuwa kitu kingine.

"Faki, hii ni kamba. Ya katani. Umeibeba wewe mwenyewe."

"Nimembeba," Faki alimsahihisha, kwa huzuni kidogo. "Mwenzangu, mimi nina watoto. Wewe iite upendavyo. Mimi nikisema 'ya', nani atanilipa kwa kulinda uzi?"

Wakatembea. Waliona konokono. Waliona nyota ya bahari iliyokosa mkono. Waliona sandali. Waliona kaa wengi wadogo wenye jicho moja juu ya kijiti chake na jingine limekatika. Hawakumwona nguva. Wakaihamisha kamba, wakatembea, hawakumwona nguva. Mahali fulani katika kwenda na kurudi kule siku ikapoteza ncha zake. Machano aliona nyayo zake mbele yake, mahali ambapo alikuwa bado hajafika. Alipofika, mguu wake uliingia ndani ya unyayo bila kubakiza nafasi.

Ndipo alipouona mfuo.

Ulikuwa njia nyembamba katikati ya majani, mahali palipolishwa mpaka tope likabaki tupu, imenyooka kama njia ya nywele anayochorwa mtoto wa shule kwa kitana. Kila mtu wa mlango wa mto anajua maana yake. Nguva anapokula huacha mfuo nyuma yake. Lakini wa lini? Kingo zake zilikuwa bado mbichi, na maji yalikuwa bado yanajikusanya chini yake tone kwa tone. Alikuwa amepita punde. Au, kwa jinsi siku ile ilivyokuwa, alikuwa bado hajapita. Machano aliufuata. Ulikwenda, ukapinda kidogo, kisha ukakoma katikati ya majani mazima, bila sababu, kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.

Hakujua kwa nini alilala. Alijua tu kwamba mfuo ulikuwa na upana wa mabega yake, na kwamba alikuwa amechoka kusimama. Alilala kifudifudi, shavu kwenye tope. Tope lilikuwa na joto. Akasikia, kutoka chini, hodi.

"Hodi! Wenyewe! Tumekuja kwa hesabu!"

Akaona uani kwao. Akaona moshi kwenye jiko la jirani, chungu kikifurika povu, na jirani mwenyewe anakimbia huku na huku na mwiko, jasho linamtiririka, hana ubaya wowote na mtu.

"Mwanatumu katoka! Mnataka nini?"

"Wamo wangapi humo ndani?"

Jirani akachungulia dirishani kwa Mwanatumu. "Mmoja! Yule wa kike, kalala!"

"Na mdogo?"

Jirani akachungulia tena. Chungu kikalia nyuma yake. Mkeka, mto, nepi iliyoanikwa. Akawaambia alichokiona.

"Hayumo!"

Naye akakimbilia chungu chake.

Hilo ndilo jibu nililoahidi kulileta. Machano alilala ndani yake kama alivyolala ndani ya mfuo, na lilimwenea pia. Maisha yake yote alikuwa amemtafuta mwongo: mtu fulani, mahali fulani, aliyesema uongo juu yake. Hakukuwa na mwongo. Jirani alisema kweli. Hayumo: ndani ya chumba kile, saa ile, mtoto hakuwamo. Ubaya wote ulikuwa kwenye safari ya neno. Lilitoka dirishani likiwa kweli ya nyumba, wakaliandika kuwa kweli ya nchi. Kama jirani angekuwa na chungu kilichotulia, angesema hayupo, kapelekwa kisimani, subirini. Wangetandikiwa mkeka. Wangengoja. Mwanatumu angerudi na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na hadithi hii isingekuwapo.

*Silabi moja. Umri wangu wote ni silabi moja. Na sasa nimepewa kalamu, na mimi ndiye nachungulia dirishani. Na chungu changu kinafurika.*

Nyuma yake kitu kilipumua.

Si upepo. Pumzi nzito, ya mapafu, *pfuuu*, kama mtu mzima anapoketi baada ya kazi. Machano akainuka, tope likimdondoka usoni, akageuka. Pale palipobaki maji, duara lilikuwa likipanuka juu ya uso wake, na jingine ndani yake, na jingine. Katikati hapakuwa na kitu. Alitazama mpaka duara la mwisho likafika miguuni kwake, dogo mno lisiweze hata kulowesha.

"Umesikia?" alimuuliza Faki, aliyekuwa amesimama mbali akikunja kamba.

"Nimesikia."

"Ni nini?"

Faki alikunja mkunjo mmoja zaidi. Uso wake mnene ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza Machano aliona kwamba mtu yule alikuwa na hofu, na kwamba alikuwa nayo siku zote.

"Kamba," alisema Faki. "Andika ni kamba, twende zetu. Maji yanarudi."

Jioni hiyo, uani kwa Mize, Machano aliweka fomu juu ya goti. Yumo. Hayumo. Visanduku viwili vidogo, vimechorwa kwa rula. Hakuweza kutia alama kwenye yumo. Pumzi si mwili, mfuo si mnyama, na alikuwa ameshuhudia nchi ikipiga magoti mbele ya kitu kilichoandikwa bila kuonwa. Hatakuwa karani wa kamba wa pili. Na kwenye hayumo kulikuwa na jina lake, limepimwa, linaenea, likimngoja kama kitanda kilichotandikwa. Hakuna aliyewahi kutamani kitanda kama alivyokitamani kile.

Kisha akaigeuza fomu upande wa nyuma, ambako hakukuwa na visanduku, akaandika barua.

*Kwa Mkuu wa Idara ya Vilivyomo.*

*Tulifika. Tulinyoosha kamba. Tulitazama kwa wakati tuliokuwa nao, tukiwa na macho mawili kila mmoja. Nguva hakuonekana. Mfuo wake ulionekana. Hayupo. Sisemi hayumo, kwa sababu sikuwa ndani ya bahari, nilikuwa kando yake. Sisemi yumo, kwa sababu sikumwona. Nasema hayupo, na neno hili, kama Bwana Mkuu alivyonieleza mwenyewe, lina maana mngoje. Msijenge mpaka arudi au mpaka mtu mwingine aje atazame. Mstari wake msimpe mtu.*

Alimsomea Mize. Mize alisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya goti. Hakuuliza lolote juu ya nguva.

"Mstari wake msimpe mtu," alirudia. "Mtu huyo ni wewe, mjinga mkubwa."

"Ndiyo, dada."

"Basi nitakuita mimi. Ukitangulia, nitakwenda nipige magoti pale, wanishike wasinishike. Machano mwana wa Mwanatumu. Nikikosea utanisahihisha." Akainuka haraka, akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyokuwa na picha ya ndege ambaye hakuna aliyemkumbuka tena jina. "Ifunge kabla sijaichana."

Machano aliipitisha gundi ya bahasha kwenye ulimi, pale penye pengo la meno. Ilikuwa na ladha ya chumvi, kama kila kitu Mdomoni. Akaikunja, akaibana kwa kiganja juu ya goti, akaibana tena.

Asubuhi walikwenda posta pamoja, maana peke yake asingehudumiwa. Karani wa posta, msichana mwenye miwani mikubwa, alimtazama Mize.

"Mtumaji nani?"

"Si mimi. Ni huyu."

"Yupi?"

"Huyu hapa ubavuni kwangu."

Msichana alitazama ubavuni kwa Mize kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ya ndugu wa mwenzake. "Simwoni mtu, mama."

"Humwoni," alisema Mize. "Sawa. Hujasema hayumo. Mpe kalamu."

Kalamu iliwekwa juu ya meza. Machano aliichukua. Nyuma ya bahasha, penye nafasi ya mtumaji, aliuacha wino ukae kwanza kwenye ncha. Jina lake halikuwa na haki ya kuandikwa pale, wala hakutaka kuiba mstari, hata wa bahasha. Lakini alikuwa amesimama kwenye majani yale maji yalipokupwa. Hilo halikuhitaji muhuri wa mtu. Akaandika neno moja:

*Aliyekuwapo.*

Msichana aliiona kalamu ikilala chini. Alisoma neno, akasogeza miwani, akasoma tena. Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika. Akapiga muhuri, mara moja, kwa nguvu.

"Pisheni basi," alisema bila kuinua macho. "Pisheni, wengine wapite."

Na barua ikaingia kwenye gunia.